Televisheni ya 4K ya mwaka 2013 inakataliwa na HDCP: kwa nini anayeumia ni aliyenunua mapema?

Mwanamtoni (Dar es Salaam) ameuliza:

Wakuu, naomba maelezo kuhusu jambo ambalo wauzaji wawili na fundi mmoja wamenieleza kwa namna tatu zisizopatana. Ninayo televisheni ya 4K ya inchi 65 iliyotengenezwa mwaka 2013, ambayo shemeji yangu aliinunua Dubai ikiwa mpya, kwa fedha nyingi sana kwa wakati ule, kisha akaniachia alipohama. Kioo chake ni kizima na rangi zake bado ni nzuri kuliko za televisheni nyingi zinazouzwa leo madukani.

Hivi karibuni nilinunua kisanduku cha kutazamia filamu kwa njia ya intaneti. Video nilizopiga mwenyewe kwa simu, nikizicheza kwa kisanduku hicho, zinaonekana kwa 4K kamili, na televisheni yenyewe inaandika kwamba inapokea pikseli 3840 kwa 2160. Lakini nikifungua filamu niliyoilipia, kwa kisanduku kilekile, waya uleule na tundu lilelile la HDMI, picha inashuka hadi 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), na katika huduma moja kioo kinakuwa cheusi kabisa na kuandika kwamba HDCP haikubaliki.

Muuzaji wa kwanza alisema nibadilishe waya, nikabadilisha, hali ikabaki vilevile. Wa pili alisema televisheni za mwaka ule hazikuwa 4K ya kweli. Fundi naye akasema kisanduku ni kibovu. Ninachotaka kujua ni kipi hasa kinachokataa, kama kuna namna ya kukirekebisha, na kwa nini mtu aliyenunua televisheni halali na akailipia filamu kihalali ndiye anayenyimwa picha.

Fundi wa Ilala amejibu:

Mkuu, televisheni yako si mbovu, waya wako hauna kosa, na kisanduku kinafanya hasa kile kilichoamriwa kukifanya. Aliyekwambia kwamba hiyo si 4K ya kweli amekosea, na video zako mwenyewe ni ushahidi wa kutosha.

HDCP ni kinga iliyobuniwa na Intel, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2000. Kazi yake ni kulinda picha katika ile safari fupi ya ndani ya waya, kutoka kifaa kinachocheza hadi kioo, ili mtu asiweke mashine ya kurekodi katikati. Katika matoleo ya awali kila kifaa chenye leseni hupewa funguo zake 40 za siri, kila mmoja wa biti 56, pamoja na namba ya utambulisho. Ukiwasha, kisanduku na televisheni huulizana kwanza. Wakitambuana, picha hufumbwa kwa hesabu za siri na kufumbuliwa upande wa pili, kisha ukaguzi unaendelea kila baada ya sekunde chache muda wote unapotazama. Video ya simu yako haina amri ya ulinzi ndani yake, kwa hiyo hakuna anayeuliza chochote, nayo inapita.

Mwezi Februari 2013 lilitolewa toleo la 2.2 la kinga hiyo kwa ajili ya HDMI, na wenye filamu wakaamua kwamba 4K yao ya kulipia ipite kwa toleo hilo au jipya zaidi tu. Filamu inakuja na alama inayosema isitumwe kwa kifaa chochote chenye toleo la zamani. Kisanduku chako kinaiona televisheni yako kuwa na toleo la zamani, kwa hiyo kinaishusha picha hadi 1080p, ambako toleo hilo bado linakubaliwa. Ile huduma inayokuletea kioo cheusi imechagua kukataa kabisa badala ya kushusha.

Kuhusu kurekebisha, kwa televisheni nyingi jibu ni hapana. Toleo la 2.2 linatumia ufumbaji wa aina nyingine na funguo za aina nyingine, na kazi hiyo hufanywa na chipu inayopokea mawimbi ya HDMI, ambayo imeunganishwa kwenye bodi kuu, hivyo sasisho la programu haliwezi kuipa chipu uwezo isiokuwa nao. Zilikuwepo chache zilizosalimika: Samsung, kwa mfano, iliyajenga matundu ya baadhi ya televisheni zake za 4K za mwaka 2013 katika sanduku la nje, na baadaye ikauza sanduku la kubadilisha lenye HDCP 2.2. Angalia nyuma ya televisheni yako. Kama matundu ya HDMI yako kwenye mwili wake wenyewe, njia hiyo haipo kwako.

Usitegemee sana programu za filamu zilizomo ndani ya televisheni yenyewe. Ni kweli kwamba hizo hazipitii HDMI, kwa hiyo HDCP haizihusu, lakini 4K ya intaneti husafirishwa kwa mfumo wa kubana video uitwao HEVC, ambao ulikamilishwa mwaka huohuo wa 2013, na televisheni nyingi za wakati huo hazikuwekewa chipu ya kuufumbua.

Msomaji wa Maryland amejibu:

Maelezo ya Fundi yametosha upande wa mitambo, nami nijibu swali la mwisho, kwa sababu niliishi nalo. Nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya elektroniki hapa Marekani kabla HDMI haijaenea, na yaliyokupata yaliwapata wateja wetu kabla ya 4K kuwepo.

Televisheni za HD, yaani zenye picha ya pikseli nyingi kuliko za kawaida za wakati ule, zilianza kuuzwa hapa mwaka 1998. Zilikuwa ghali mno, na walionunua ndio waliozipa kampuni sababu ya kuendelea kuzitengeneza na vituo vya televisheni sababu ya kurusha vipindi vya HD. Nyingi kati ya zile za kwanza zilipokea picha ya HD kwa waya tatu za analogia, yaani nyekundu, kijani na bluu. Hapakuwa na ufunguo wowote ndani ya waya hizo. Baadaye likaja tundu la DVI, la kupitisha picha kwa dijitali, ambalo baadhi ya vifaa viliwekewa bila HDCP, na Desemba 2002 ikatangazwa HDMI. Mtu aliyenunua mwaka 1999 alikuwa na kioo kinachoonyesha 1080i vizuri kabisa, lakini hakuwa na mlango mmoja ambao wenye filamu waliuamini.

Dalili ya kwanza ilionekana kwenye DVD. Zilipokuja mashine za DVD zinazoweza kuikuza picha hadi 720p au 1080i, masharti ya leseni yaliziruhusu kufanya hivyo kwa DVD zenye kinga kupitia HDMI au DVI yenye HDCP tu. Mwenye waya tatu za analogia alibaki na 480p, yaani picha ya DVD isiyokuzwa. Mteja aliuliza kwa nini mashine yenye uwezo haimpi uwezo huo, nasi dukani hatukuwa na la kumwambia isipokuwa anunue televisheni nyingine.

Kisha mwaka 2006 zikaja diski za HD, HD DVD na Blu-ray, zote mbili zikilindwa na mfumo wa AACS. Katika masharti ya mfumo huo kulikuwa na alama ambayo studio ingeweza kuiweka ndani ya diski, na mashine ikiiona inalazimika kuipunguza picha inayotoka kwa njia ya analogia hadi pikseli 960 kwa 540. Pigeni hesabu: 1920 kwa 1080 ni pikseli 2,073,600, na 960 kwa 540 ni 518,400, yaani robo kamili. Studio kubwa kwa jumla zilijizuia kuitumia alama hiyo katika miaka ya mwanzo. Hilo lilikuwa jema, lakini lilitegemea hiari yao. Mnunuzi hakuwa na karatasi yoyote mkononi inayomhakikishia kwamba diski atakayoinunua mwaka ujao haitakuwa na alama hiyo. Na masharti yenyewe yalikuwa na tarehe za mwisho: mashine za kuchezea diski zitakazotengenezwa baada ya Desemba 31, 2010 zisitoe HD kwa analogia, na zitakazotengenezwa baada ya Desemba 31, 2013 zisitoe picha yoyote kwa analogia. Televisheni za wanunuzi wa kwanza zilikuwa bado zinafanya kazi tarehe hizo zilipofika.

Serikali nayo iliingia humo. Novemba 2003 tume ya mawasiliano ya hapa, FCC, ilipitisha kanuni ya kuvitaka vifaa vyote vinavyopokea matangazo ya dijitali vitii alama ya kuzuia vipindi visisambazwe ovyo kuanzia Julai 1, 2005. Chama cha wakutubi wa Marekani na wenzake wakaenda mahakamani, na Mei 2005 mahakama ya rufani ya Washington ikaamua kwamba tume haikuwa na mamlaka juu ya kile kifaa kinachofanya baada ya kuyapokea matangazo. Kwa upande mwingine, Mei 2010 tume hiyohiyo iliziruhusu studio, kupitia chama chao MPAA, kufunga njia za analogia kwa filamu zinazooneshwa majumbani kabla ya kutoka kwenye diski, kwa muda usiozidi siku 90 kwa kila filamu. Waliofungiwa nje ni walewale wa waya tatu.

Msidhani kwamba wenye kompyuta walipona. Mapema mwaka 2006 iligundulika kwamba kadi za picha zilizotangazwa kuwa tayari kwa HDCP zilikuwa zikiuzwa bila funguo ndani yake. Chipu iliweza, lakini bodi haikupewa funguo, na funguo haziwezi kupakuliwa baadaye. Aliyenunua kadi ya bei ya juu ili atazame diski za HD alikuwa amenunua neno lililoandikwa kwenye boksi. Nilikuwa nauza kadi za namna hiyo, na bado naona kwamba hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwa sababu mnunuzi aliyekuwa mwangalifu, aliyesoma boksi na kuuliza kabla ya kutoa fedha, hakuwa na njia yoyote ya kujua.

Na ulinzi wenyewe ulilinda nini? Mwaka 2001 wataalamu wa usimbaji walikwisha kuchapisha kwamba funguo za vifaa vipatavyo 40 zingetosha kuufichua ufunguo mkuu wa HDCP, ambao funguo za vifaa vyote hutokana nao, na Septemba 2010 ufunguo huo uliwekwa hadharani kwenye intaneti, Intel ikathibitisha kuwa ni wa kweli. AACS ilianza kuvunjwa Desemba 2006, mwaka uleule diski zilipoingia sokoni. Jibu la wenye mfumo lilikuwa kuzifuta funguo zilizovuja, hivyo katika majira ya kuchipua ya mwaka 2007 watu waliokuwa wakitazama diski zao halali kwenye kompyuta walitakiwa kusasisha programu, la sivyo diski mpya zisingecheza. Aliyeipakua nakala ya wizi hakutakiwa kusasisha chochote.

Mtayarishaji wa Kinondoni amejibu:

Ndugu zangu, naheshimu machungu ya wanunuzi, lakini naona upande mmoja umesemwa peke yake. Mimi natengeneza filamu, na nimeuona mkanda uliotuchukua miezi mingi ukiuzwa Kariakoo kwa bei ya soda wakati nakala halali hazijafika mikoani. Anayesema kwamba kinga haina maana hajawahi kumlipa mwigizaji kwa fedha ya mkopo.

Studio za Hollywood hazikuanza kuogopa bila sababu. Kinga ya DVD ilivunjwa mwaka 1999, na tangu hapo kila DVD iliyotoka ingeweza kunakiliwa na kijana yeyote mwenye kompyuta, bila kupoteza chochote katika ubora. Zilipoombwa kutoa filamu zao kwa HD, na baadaye kwa 4K, ziliombwa kutoa kitu kinachokaribia nakala mama. Bila ahadi ya ulinzi nadhani zingechelewesha filamu zao kwa miaka, na hao wanunuzi wa kwanza wangekuwa na vioo vya ghali visivyo na cha kuonyesha. Mwenye mali ana haki ya kusema mali yake itoke kwa mlango upi.

Bi Zuhura (Mombasa) amejibu:

Kaka Mtayarishaji, haki yako juu ya kazi yako siibishii hata kidogo, na uchungu wa Kariakoo tunaujua hata huku. Ninachouliza ni mzigo wa kuilinda unawekwa juu ya nani. Kwenu Tanzania mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu. Stempu ile ina kasoro zake, lakini inamkagua muuzaji: mkaguzi anaingia dukani, anaangalia kasha, na muuzaji ndiye anayejibu. Mteja akishanunua na kufika nyumbani, stempu haimfuati sebuleni. HDCP inafanya kinyume chake. Inamkagua mtu aliyekwisha kulipa, ndani ya nyumba yake, kila anapowasha, na ikimkataa hakuna wa kumlalamikia, kwa kuwa mwenye filamu atamtupia mtengeneza televisheni, na mtengeneza televisheni atasema alifuata masharti yaliyokuwepo siku alipoitengeneza.

Tena mambo haya hayakuishia kwenye HDMI za zamani. Mimi hufanya kazi ya kuhariri picha na video, na mwenzangu alijenga kompyuta mahsusi kwa ajili ya diski za Ultra HD Blu-ray, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2016. Ili diski hizo zicheze kihalali kwenye kompyuta, masharti yalitaka sehemu ya siri iliyomo ndani ya prosesa za Intel, inayoitwa SGX, pamoja na bodi, kiendeshi cha diski, programu na kioo vinavyokubaliana vyote. Watu walinunua vitu hivyo kimoja kimoja, kwa gharama. Kisha Intel ikaiondoa SGX katika prosesa za kizazi cha 11 na cha 12 za kompyuta za kawaida. Tangu hapo anayenunua prosesa mpya yenye nguvu zaidi anazipoteza diski alizokuwa akizitazama kwenye ile ya zamani, isipokuwa abaki na mashine yake ya zamani na kuomba isife. Diski ni zake, risiti anazo, na hakuna sheria aliyoivunja.

Kuhusu hoja kwamba bila kinga filamu zisingetoka, huenda ni kweli. Lakini kama kinga ndiyo sharti la filamu kutoka, basi masharti yake yangekamilishwa kabla televisheni hazijaanza kuuzwa. Mwaka 2012 Sony ilikuwa ikiuza Marekani televisheni ya 4K ya inchi 84 kwa dola 25,000 hivi, na toleo la 2.2 lilikuwa bado halijatoka. Gharama ya kuchelewa huko ilistahili kubebwa na waliochelewa.

Mtayarishaji wa Kinondoni amejibu:

Hilo la mwisho nakubaliana nalo, dada Zuhura. Kama mimi ningeandika mkataba wa kumuuzia mtu filamu kisha nikabadili masharti baada ya kupokea fedha, mahakama isingenisikiliza. Ninachoendelea kukishikilia ni kwamba lawama isielekezwe kwa kila mwenye hakimiliki. Mtayarishaji mdogo hana kauli katika HDCP wala AACS. Akipeleka kazi yake kwenye huduma kubwa anakuta masharti yamekwisha kupangwa.

Mwanamtoni amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimeangalia nyuma ya televisheni, na matundu yote yako kwenye mwili wake, kwa hiyo ile njia ya sanduku la nje haipo. Nina swali jingine kwa Fundi. Shemeji aliniachia pia amplifaya ya sinema ya nyumbani ya mwaka 2014, ambayo boksi lake limeandikwa 4K na HDMI 2.0. Nikipata uwezo wa kununua televisheni nyingine, je, naweza kuendelea kupitisha kisanduku kwenye amplifaya hiyo?

Fundi wa Ilala amejibu:

Mkuu, hapo ndipo wengi wamepoteza fedha mara ya pili. HDMI 2.0 na HDCP 2.2 ni vitu viwili tofauti, na maandishi ya HDMI 2.0 kwenye boksi hayakuahidi HDCP 2.2. Amplifaya nyingi za mwaka 2014 zilipitisha mawimbi ya 4K kwa kasi yote ya gigabiti 18 kwa sekunde lakini zikawa na HDCP ya zamani. Nyingine zilikuwa na HDCP 2.2 lakini kwa chipu isiyofikia kasi hiyo. Kila kifaa kilichopo kati ya kisanduku na kioo hukaguliwa, kwa hiyo amplifaya moja ya zamani katikati inatosha kuishusha picha hata kama televisheni ni mpya kabisa. Tafuta kitabu chake cha maelezo na usome sehemu ya HDMI. Kama HDCP 2.2 haikutajwa kwa jina, hesabu kwamba haipo.

Hiyo haina maana kwamba uitupe. Chomeka kisanduku moja kwa moja kwenye televisheni mpya, kisha urudishe sauti kutoka televisheni hadi kwenye amplifaya kwa njia ya ARC (sauti kurudi kwa waya wa HDMI) au kwa waya wa mwanga, na sauti itatoka vizuri bila picha kupitia huko. Unapochagua televisheni, hasa ya mtumba ya mwaka 2014 au 2015, usiridhike na kusikia kwamba ina HDCP 2.2, kwa sababu baadhi yake zina tundu moja tu lenye toleo hilo. Soma maandishi madogo yaliyo kando ya kila tundu, nenda na kisanduku chako dukani, na uombe kuiona filamu ya kulipia ikicheza kwa 4K kabla hujatoa fedha. Video ya maonyesho ambayo muuzaji anaicheza kwenye flashi haina ulinzi wowote, kwa hiyo haikuthibitishii lolote.

Na hii uliyonayo iendelee kufanya kazi. Picha ya 1080p inayokuzwa na kioo kizuri cha inchi 65, ukikaa mita tatu hivi, bado ni picha safi sana, na video zako mwenyewe utaendelea kuzitazama kwa 4K yote.